Maji Yalikuwamo

Tulimzika Mama Zawadi mwezi wa saba, asubuhi ya jua kali lisilo na joto lolote, lile jua la Sydney la wakati wa baridi ambalo limenidanganya kila mwaka tangu nifike nchi hii. Naliona dirishani, natoka bila koti, na nikifika getini nimeshajuta. Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake Toongabbie, nyumba ileile ya zamani, na wanawake wa kanisa wakajaa jikoni na masufuria yao. Mimi si mtoto wake wa kumzaa wala si mgeni, kwa hiyo nikajipangia kuosha vyombo, kazi isiyomlazimu mtu kuzungumza. Nikiwa hapo Zawadi akaja kusimama nyuma yangu. Siku hizi ni mama wa watoto wawili, lakini tunazungumza vilevile tulivyozungumza akiwa binti mdogo wa shule: mimi namsemesha kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, na hakuna anayeona ajabu. Akaniambia kwamba Jumamosi anawapeleka watoto mlimani kuona theluji. Aliwaahidi kabla bibi yao hajalazwa, na likizo ya shule ilikuwa inakwisha. Akaniomba nije kumtazamia gari kabla hajaondoka, maana siku zote kabla ya safari ya baridi aliyelitazama ni Mama, na sasa Mama hayupo.

Sahani ilinitoka mkononi ikazama kwenye povu. Sikushtuka kwa kuwa nimeombwa mimi, mtu ambaye hajashika usukani karibu miaka ishirini na anayesafiri kwa treni kutoka Macquarie Fields hata akiwa amepakata sufuria la pilau. Kilichonishtua ni lile neno la mwisho. Mama alikuwa akifungua boneti ya gari linalobeba wale watoto, kila mwaka, kwa mikono yake mwenyewe. Nilimwambia Zawadi nitakuja, nikamsihi asiende nalo popote penye baridi kabla sijafika, naye akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Huenda nilikuwa nimechanganyikiwa kweli. Lakini woga wangu ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mwaka nilioishi ndani ya nyumba hiyo nikiwa msichana, mwaka ambao sijawahi kumsimulia mtu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nililala kwenye chumba cha kufulia nguo, nyuma kabisa, ambacho Mama alikigawa kwa pazia la kitenge: upande mmoja mashine, upande mwingine kitanda changu. Ukuta uliotutenga na jikoni ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua hali ya moyo wake kwa namna alivyofunga kabati. Yeye alikuwa mjane kutoka Uvira. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, tulikutana kanisani, akanichukua bila kuombwa na mtu. Kiswahili changu cha Tanzania kilimchekesha, alisema naongea kama redio. Kwenye dirisha la jikoni alipanga chupa za maji, zamani zilikuwa za juisi, zimeoshwa na kubanduliwa karatasi zake. Yalikuwa maji ya maombezi. Alirudi nayo kutoka kanisani kila Jumapili, na yalikuwa na kazi zake: homa, ndoto mbaya, mtihani wa Zawadi, kuitwa ofisi ya serikali. Aliyeyanywa kwa sababu ya kiu tu alisemwa wiki nzima.

Mwaka huo nilimaliza mafunzo ya kutunza wazee, nikaomba kazi kila mahali kati ya Parramatta na Campbelltown, na kila mahali walitaka mtu mwenye uzoefu wa nchi hii. Nyumba moja tu ya wazee ndiyo iliyonipigia simu, nayo ilikuwa katika mji mdogo ng'ambo ya Milima ya Bluu, mbele ya Lithgow, mahali ambapo treni haifiki. Ningefanya kazi siku chache mfululizo nikilala hukohuko, kisha ningerudi Toongabbie kupumzika. Niliitaka kazi ile kama mtu aliyeishiwa pumzi anavyotaka hewa. Nikanunua Corolla nyeupe kuukuu, leseni yangu ikiwa bado ile ya wanaoanza, ya kibandiko chekundu, halafu nikachagua kumwambia Mama wakati wa kula, nikidhani chakula kitanisaidia. Tulikuwa tunakula fufu na sombe, yaani kisamvu, na dagaa wa kukaanga, ambao yeye aliwaita ndagala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kule kuna mlima. Nikasema ndiyo, ni lazima kuupanda na kuushuka. Akalirudisha tonge kwenye sahani, akanawa mikono, akaingia chumbani kwake. Sikuwa nimewahi kumwona akiacha ndagala.

Jioni ile nilimsikia kupitia ukuta wa jikoni akizungumza kwa simu na dada yake aliyebaki Uvira, na hivyo ndivyo nilivyoipata habari ya Papa Zawadi, ambayo Mama hakuwahi kunisimulia ana kwa ana. Mumewe alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya kupanda kwenda Bukavu, barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, huku mwamba na huku hakuna kitu. Madereva wa kule hawapandi kabla ya kujaza maji kwenye rejeta, maana injini huchemka katikati ya safari. Siku hiyo aliondoka kwa haraka. Alipofika kwenye mwinuko injini ikachemka, maji yakawa yamekwisha, akashuka atafute mengine ya kumimina, na lori likarudi nyuma, likamkumba, likaenda naye bondeni. Mama alieleza yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza bei ya mkaa. Mwishoni tu ndipo sauti ilipobadilika.

"Ile mulima ilikula bwana yangu juu ya maji," akamwambia dada yake. "Sasa inataka na huyu mutoto."

Nilivuta blanketi mpaka kidevuni. Kabla ya hapo hofu yangu ilikuwa ya kuchelewa kazini na kukosea njia. Kuanzia jioni hiyo nilikuwa na mlima ndani ya kichwa, na nilikuwa bado sijauona.

Hakunikataza kwenda. Afadhali angenikataza, maana ningemlaumu nikabaki nyumbani salama. Badala yake aliamua kwamba gari litaandaliwa mpaka asibakie na neno la kujilaumu. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilitoka kwenye ukumbi wa shule tuliokuwa tukiukodi, wakaizunguka Corolla kwenye maegesho, wakaweka mikono juu ya bati na kuomba kwa sauti, kila mtu kwa lugha yake. Mchungaji akapaka mafuta kwenye tairi, kwenye usukani, na kwenye paji la uso wangu. Nilirudi nyumbani nikiendesha gari lenye alama za viganja vya watu kwenye vioo vyote, na sikuthubutu kuzifuta.

Siku chache baadaye tulikwenda kwa Ochieng. Huyu ni Mkenya wa Kisumu aliyekuwa na gereji Auburn, kati ya duka la vigae na tanuri la mikate, kwa hiyo pale palinukia oili na mkate wa moto kwa pamoja. Alitengeneza magari ya Waafrika wote niliowajua na kuyacheka yote. Mama alikataa kuniacha niende peke yangu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akiitazama mikono ya Ochieng kama mkaguzi. Ochieng akabadilisha tairi zilizolika, akaweka betri nyingine kwa kuwa ile ya zamani ingekufa kwenye baridi ya kwanza, akaweka waipa mpya, akakagua taa na hita. Kisha akafungua koki iliyo chini ya rejeta, akayaacha maji ya zamani yamwagike yote, akamimina kimiminiko cha kijani kibichi kama juisi ya watoto. Mama akainuka kwenye kiti kuuliza ni nini kile.

"Mama, hii ni kulanti," Ochieng akamjibu. "Maji peke yake huko juu itaganda, na ikiganda inapasua injini. Hii haigandi."

Mama akasema kwao wanaweka maji. Ochieng akacheka, akasema kwao hakuna barafu. Mama hakucheka. Aliitazama ile rangi ya kijani kwa muda, na baadaye, tukiwa njiani kurudi, aliniambia kwamba kwa mumewe maji yakishakuwa ya kijani ndani ya rejeta ni maji yaliyooza, huyamwaga siku hiyohiyo. Nilimweleza tena alivyoeleza Ochieng. Akasema sawa. Mimi nilikuwa na mawazo yangu, kwa sababu Ochieng alikuwa amenipa somo kabla hatujaondoka, na somo lenyewe lilinimaliza nguvu. Nisimwagie kioo kilichoganda maji ya moto, kitapasuka. Nisiache handibreki usiku kucha, itaganda nayo, niliache gari kwenye gia. Na barabarani kuna barafu ambayo haionekani.

"Conso, skiza," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Gari ikianza kuteleza, usikanyage breki. Toa mguu, geuza usukani polepole, halafu ngoja."

Nikamuuliza ningoje nini. Akasema ningoje tu. Akanirudishia maneno hayo mara kadhaa mpaka nikayasema bila kukosea, na nikaondoka pale kichwa kimejaa njia mpya za kufa.

Barafu niliyoijua mimi ni ile ya vifuko vya plastiki, ya kununua sokoni Kigoma na kunyonya ukirudi shule. Kule ng'ambo ya milima niliikuta juu ya majani, juu ya waya za uzio, ndani ya kitasa cha mlango wa gari. Wazee niliowahudumia walikuwa wema, na mmoja wao, bibi aliyekuwa mpishi zamani, alinifundisha kuvaa soksi mbili. Kazi haikuniogopesha hata kidogo. Barabara ndiyo iliyoniogopesha. Nilianza kuiogopa nikiwa bado nambadilisha mzee shuka, niliiota, na nikiwa ndani ya gari nilikuwa nazungumza kwa sauti peke yangu, namwambia Corolla kwamba sasa tunapinda, sasa tunashuka, tulia. Viganja vilitoa jasho kwenye baridi ambayo mate yangeganda. Malori yalinipita yakipiga honi kwa kuwa nilikwenda kama naendesha kitanda cha mgonjwa. Kwenye buti kulikuwa na chupa moja ya maji ya Mama aliyoiweka mwenyewe, ya akiba, ya mlimani, na kila kona niliisikia ikibingirika.

Nikifika Toongabbie, Mama alinipokea na chai ya tangawizi. Hakuniuliza habari za kazi. Aliuliza gari linasemaje, nami nikasema ni zima, akaitikia kwa kushusha pumzi. Jumamosi nililala mpaka jua limepanda. Jumamosi moja niliamka mapema kidogo, nikachungulia dirisha la chumba cha kufulia, nikamwona amekaa kwenye kigoda mbele ya Corolla, boneti iko wazi, mkono mmoja ameuegemeza kwenye bampa, midomo inacheza. Nilijua anaomba. Nilirudi kitandani nikiwa nimeguswa sana, na nilijisikia mtoto wa mtu, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu. Siku hiyohiyo niliona doa la kijani kwenye saruji, limeteremka hadi kwenye mfereji. Woga ukanishika kwamba rejeta inavuja. Nikampigia simu Ochieng, akaniambia nitazame kama kiwango kimepungua. Tangi lilikuwa la plastiki iliyochakaa na kuwa kahawia, ndani unaona kivuli cha maji tu, lakini kiwango kilikuwa juu kabisa. Ochieng akasema basi hakuna tatizo, pengine ni ile aliyoimwaga pembeni yeye mwenyewe alipokuwa akijaza.

Katikati ya Julai kulikuja wiki ya baridi kali kuliko zote. Asubuhi ya kurudi nyumbani nililikuta gari limekuwa jeupe tangu tairi hadi paa. Nikakwangua kioo kwa kadi ya maktaba, nikawasha, likaitika, nikamshukuru Mungu na betri ya Ochieng. Nikiwa nimetoka nje ya mji niligundua kwamba hita inanipulizia hewa baridi. Nilidhani imeharibika, nikaizima. Ukungu ulikuwa umeifunika barabara, nikafuata mstari mweupe na nikaanza kupanda mlima wa kwanza. Hapo ndipo nilipotazama mshale wa joto. Ulikuwa umefika kwenye nyekundu. Nilipigapiga kioo chake kwa kidole kama mjinga, maana nje kulikuwa na barafu na mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka, gari lingechemkaje? Kisha mvuke ukafuka pande zote za boneti, injini ikakohoa, ikazima.

Nilikuwa kwenye mwinuko, injini imechemka, mlimani. Nilikanyaga breki na kuvuta handibreki, na kwa kitambo kidogo gari lilisimama. Halafu nikasikia likianza kurudi nyuma. Halikubingirika, maana tairi hazikuzunguka, liliteleza lilivyo, taratibu kabisa, kama kuna mtu analivuta kwa adabu. Upande wa kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo. Upande wa kulia kulikuwa na ukungu, na chini ya ukungu najua palikuwa na bonde kwa sababu nilikuwa nimelitazama kila safari. Nilisikia sauti ya Mama kupitia ukuta. Nikasikia na ya Ochieng. Kuutoa mguu kwenye breki gari likiwa linarudi nyuma ni jambo ambalo mwili wangu wote ulilikataa, na sijui mguu ule ulitokaje. Nikageuza usukani uliokuwa mzito kama jiwe la kusagia, kidogo, kisha kidogo tena, nikangoja. Tairi zikashika. Kitako cha gari kikageukia udongo, kikagonga, kikatulia.

Kisha lilikuja jambo baya zaidi. Kila nilichofunzwa na kila nilichokisikia katika nyumba ile kiliniambia nishuke, nichukue ile chupa kwenye buti, nimimine maji. Maji yamekwisha, kama yalivyomwishia Papa Zawadi. Niliushika mpini wa mlango. Na yeye alishuka, nikawaza, yeye pia alishuka kumimina maji. Sikushuka. Ningependa kusema nilitumia akili, lakini ulikuwa woga mtupu, nilikaa pale nimeukumbatia usukani na kulia mpaka taa za gari zikatokea kwenye ukungu. Alikuwa mkulima mzee mwenye kofia ya sufu. Aliweka mawe nyuma ya tairi zangu, akafungua boneti, akaubonyeza mpira mnene unaopeleka maji kwenye rejeta, akaugonga kwa ufunguo wake. Ulilia kama fimbo kavu. Akaniambia ndani mmejaa barafu. Nilidhani ananitania, kwa kuwa mvuke ulikuwa bado unafuka.

Gari la kukokota liliifikisha Corolla Auburn. Nilikwenda na mimi, nikasimama karibu na Ochieng alipokuwa akikinga kikombe chini ya rejeta ambayo barafu yake ilikwisha kuyeyuka. Alikiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe, safi, hayana hata chembe ya kijani. Akasema haya ni maji tu, na injini imepasuka, na akaniuliza nani aliyeitoa kulanti yake. Kabla hajamaliza nilishaona kigoda, midomo inayocheza, doa la kijani kwenye saruji. Mke wa dereva wa lori anaijua koki ya rejeta. Alikuwa akiyamwaga maji yaliyooza na kujaza yaliyoombewa, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka juu kabisa, ili mlima usinikute nimekaukiwa. Nikamsimulia Ochieng habari ya Papa Zawadi. Mtu yule wa utani alikaa juu ya tairi. Halafu akasema ni lazima Mama aambiwe, siku moja ataua mtu. Nilijua anasema kweli. Nikajaribu kuona uso wa Mama akiambiwa kwamba mumewe alikufa kwa kukosa maji na mimi nilikaribia kufa kwa maji aliyoyatia yeye, na nikaona kwamba maneno hayo hayatatoka kinywani mwangu.

Ochieng alinirudisha Toongabbie, na Mama hakumruhusu mtu yeyote aingie kwake na kutoka bila kula. Tukakaa mezani, fufu, sombe, ndagala, kama siku ile. Zawadi alikuwa shuleni. Mama alikuwa amekwisha kunipapasa mikono na uso na kichwa kama anayetafuta kilichopungua. Sasa alikuwa anakimega chakula bila kukila. Nilimwona Ochieng anajiandaa kusema.

"Conso," Mama akaniita, macho yake yako kwenye sahani. "Maji ilikuwa imeisha?"

Mkono wa Ochieng ulisimama katikati.

"Hapana, Mama," nikasema. "Maji yalikuwamo. Yalikuwa yamejaa."

Aliinua macho akanitazama, muda mrefu kuliko jibu lenyewe lilivyostahili. Kisha akamtazama Ochieng. Ochieng akameza alichokuwa nacho mdomoni, akasema ni kweli, Mama, rejeta ilikuwa imejaa. Mama akafumba macho, akasema aksanti Yezu, akachagua ndagala mkubwa kuliko wote akaniwekea kwenye sahani. Halafu akala. Alikula vizuri, na mimi nikamtazama akila, nikajiona nimemwokoa.

Sikununua gari tena. Nyumba moja ya wazee hapa mjini ilinipokea baada ya hapo, maana sasa nilikuwa na huo uzoefu wao, na baadaye niliolewa nikahamia Macquarie Fields, karibu na kituo cha treni. Kila mwaka baridi ilipoanza nilikumbuka maneno ya Ochieng kwamba siku moja ataua mtu. Nilijifariji kwamba Mama haendeshi, kwamba Zawadi anaishi mjini, kwamba Sydney penyewe maji hayagandi. Nikimtembelea tulizungumza kuhusu watoto, kanisa, magoti yake. Habari za magari hatukuzigusa hata mara moja, na nilidhani ni mimi ninayezikwepa.

Jumamosi nilifika Toongabbie kwa treni ya asubuhi, bila koti. Watoto walikuwa wamekwisha kuingia kwenye gari na majaketi yao mapya, wanagombania upande wa dirisha. Nilimwambia Zawadi azime injini na afungue boneti. Niliipapasa nikakosa komeo lake, akaninyanyulia yeye. Nikainama. Tangi la maji lilikuwa jipya, la plastiki nyeupe, na ndani yake kilionekana kiwango hadi kwenye alama, kijani kibichi kama juisi ya watoto. Kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa kitenge, umezungushwa na kupigwa mafundo juu ya mafundo. Niliijua kazi ile ya mafundo. Hivyo ndivyo alivyofunga mizigo ya kutuma Uvira.

Zawadi akanieleza kwa Kiingereza chake kwamba Mama amefanya hivyo kwa kila gari lililowahi kulala katika nyumba hii. Kila mwaka kabla ya baridi alimlazimisha walipeleke kwa Ochieng, akakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka kulanti ibadilishwe, kisha akafunga kifuniko yeye mwenyewe. Mwaka huu alifanya hivyo akiwa anatembelea fimbo. Nikamuuliza alikuwa anasema nini wakati anafunga. Zawadi akaugusa utepe, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mama yake, na sijawahi kumsikia akisema Kiswahili bila kujikwaa isipokuwa hapo.

"Hapa hakuna mutu anagusa. Hata miye. Mukiniona hapa, munifukuze."

Niliinama tena nikayatazama mafundo. Miaka yote hiyo nilikuwa na jibu langu, nikaliona zuri, na sikuwahi kulitazama swali. Maji ilikuwa imeisha? Aliyeyajaza ni yeye. Alijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba hayakuwa yamekwisha. Aliniuliza pale mezani akiwa anajua tayari, na alikuwa anangoja nimwambie, na niliposema maji yalikuwamo alielewa kila kitu nilichokuwa namficha, akakipokea, akanichagulia ndagala mkubwa, akala mbele yangu ili nisiwe na wasiwasi. Mimi nilidhani ninambebea mzigo. Alinyamaza akaubeba peke yake, na kila mwaka akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki Auburn.

Nililia pale mbele ya boneti, na mtoto mdogo wa Zawadi akatoa kichwa dirishani kuuliza kwa Kiingereza kama gari limeharibika. Zawadi naye aliniuliza kama ni salama kwenda. Nikavuta mafundo kwa kidole, hayakulegea. Nikamwambia ni salama, halafu nikamwambia pia kwamba barabarani kuna barafu isiyoonekana, na kwamba gari likianza kuteleza asikanyage breki. Akasema nimweleze vizuri. Nilianza kumweleza, nikaona haitoshi kuelezea hapo uani. Nilikuwa naogopa kama siku ile ya ukungu. Nikamwambia aniachie nafasi mbele na anisubiri kidogo, nikaingia ndani kuchukua koti la Mama, lililokuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango.